Jiko Jipya kwenye Meza ya Zamani



Wiki hii nimeazimia kuyaacha mapishi kando, tuzungumze juu ya mahali mapishi yanapofanyikia. Shaabani inapoingia, kila nyumba hujitayarisha kwa namna yake. Huyu ananunua tende na unga, huyu anapaka chokaa, na mwengine anaona kwamba mwaka huu lazima abadilishe jiko. Mwaka jana mimi nilikuwa katika hao wa mwisho, na yaliyonipata nadhani yatawafaa na wengine.

Zamu yangu ya chama ilipofika, nilinunua jiko la gesi la kusimama, lenye oveni chini yake, upana wa sentimita 60. Jikoni mwetu mna meza ya zege iliyosakafiwa terazo, na katikati yake liliachwa pengo la jiko tangu nyumba ilipojengwa. Nililipima pengo hilo kwa macho nikasema, “Litaingia.” Jiko lilipofikishwa ndipo tukapima kwa tepu: mbele sentimita 58, na nyuma, karibu na ukuta, sentimita 56 na nusu. Vikuta viwili vinavyoibeba meza havikuwa sambamba, wala mimi sikuwahi kulijua hilo kwa miaka yote niliyopika pale.

Fundi alituambia kwamba si taabu. Atakata sentimita 5 upande wa sinki na kazi itakwisha kabla ya Adhuhuri. Akachora mstari kwa penseli na kuchomeka mashine yake ya kukatia mawe. Hapo ndipo mama mkwe alipotoka chumbani, akauweka mkono wake juu ya meza, akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, meza hii ni ya nani?”

Nikamjibu, “Ni yetu, mama.”

Akasema, “Yetu akina nani?”

Sikuwa na jawabu. Nyumba hiyo aliijenga marehemu baba mkwe, na miaka mitatu baada ya kifo chake mirathi ilikuwa haijagawanywa. Mama mkwe ana thumuni yake, mume wangu ana fungu lake, na wifi zangu wawili wana mafungu yao. Mimi ninayeitumia meza kila siku sina hata kipande chake. Mume wangu akawapigia simu dada zake. Mkubwa, aliyeko Malindi, alisema, “Kateni, jikoni ni mwenu.” Mdogo alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba alikuwa mtoto alipomshikia baba yake ndoo ya maji wakati zege ile ikimwagwa, na akaomba isiguswe mpaka warithi wakutane. Mume wangu akamgeukia fundi: “Maadamu mmoja wetu hajaridhia, hatukati.” Akamlipa ujira wa siku yake kabla hajaondoka, kwa kuwa kosa la kutopima halikuwa lake.

Sitawaficha, dada zangu: usiku ule nilikuwa na hasira. Jiko langu limekaa sebuleni ndani ya katoni, na Ramadhani iko mlangoni. Lakini kesho yake niliitazama meza vizuri nikaona jambo jengine. Kati ya tundu la sinki na ukingo tuliotaka kuukata hapakuwa ila upana wa kiganja. Tungeondoa sentimita 5, kingebaki kipande chembamba cha kubeba uzito wa sinki lililojaa vyombo. Hapo ndipo meza, iwe ya zege au ya graniti, huwa dhaifu mno, na hapo ndipo hupasuka. Swali la mama lilituokoa na hasara mbili.

Basi niliyojifunza ni haya.

Kwanza, kupima hutangulia kununua. Pima upana wa pengo mahali patatu: mbele, katikati na nyuma, kisha ushike kipimo kilicho kidogo kuliko vyote. Katika nyumba zetu za kale za mawe ya matumbawe na chokaa ni nadra kupata ukuta ulionyooka. Pima pia kina, na ukumbuke kuacha nafasi ya mpira wa gesi nyuma. Pima mlango wa jikoni na ngazi, kwani ngazi za Mji wa Kale hazikujengwa kwa ajili ya katoni za siku hizi. Fungua mlango wa oveni kwa mawazo: je, utasimama wapi ukitoa sinia la moto? Madukani majiko ya kusimama aghalabu huwa na upana wa sentimita 50, 60 au 90. Na jiko la 60 halitaki pengo la 60 kamili. Kitabu cha maelezo hueleza nafasi ya kuachwa kila upande. Kisome, au umwombe kijana wa nyumbani akusomee.

Pili, tazama urefu wa kwenda juu. Uso wa jiko uwe sawa na meza au uizidi kidogo. Ukiwa chini ya meza, moto wa pembeni huuchoma ukingo wa meza, na sufuria kubwa haikai sawasawa. Majiko mengi yana miguu ya kuzungushwa ili kupandisha na kushusha. Tumia pimamaji ya fundi. Jiko lililoinama hukuonyesha aibu yake katika keki na mkate wa sinia, upande mmoja mnene na upande mmoja mwembamba. Na kama jiko limekuja na mnyororo au chuma cha kulifungia ukutani, usikitupe. Mtoto akiukanyaga mlango wa oveni uliofunguliwa, jiko zima laweza kumwangukia pamoja na sufuria zinazochemka.

Tatu, kama ni lazima kukata na wenye haki wameridhia, basi fundi akate kwa maji, na ikiwezekana nje ya nyumba. Vumbi la graniti na zege huharibu mapafu, na katika nyumba yenye mtoto mchanga au mwenye pumu si jambo la kupuuzwa. Fundi naye afunike pua na mdomo. Na siku hiyo awepo nyumbani mume, kaka au mtoto aliyebaleghe, ili mama asibaki peke yake na fundi.

Nne, gesi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka chini na kujikusanya. Kwa hiyo usiufungie mtungi ndani ya kabati lisilo na matundu ya hewa chini. Mtungi usimame wima, na mpira usipite nyuma ya oveni unakopata joto. Soma tarehe iliyopigwa juu ya mpira, na ukifika wakati wake ubadilishwe. Kila kiungo kijaribiwe kwa povu la sabuni; likitoa mapovu, gesi inavuja. Kiberiti kisitumiwe kamwe kwa jaribio hilo. Ukisikia harufu, funga mtungi, fungua milango na madirisha, wala usiguse swichi ya taa. Aliyeletewa jiko kutoka ng’ambo amwulize fundi wa gesi kama limetengenezwa kwa gesi ya mabomba. Likiwa hivyo, vitundu vyake vya kutolea gesi hubadilishwa kwanza, la sivyo moto utakuwa mrefu, wa manjano, wenye kutia masizi. Pia usiliweke chini ya dirisha linalopigwa na upepo. Kusi ikivuma huuzima moto huku gesi ikiendelea kutoka. Na kabla ya kulala, mtungi ufungwe.

Na jiko letu je? Kwa kuwa halikuwashwa na risiti ilikuwepo, muuzaji alikubali kulibadilisha kwa lenye upana wa sentimita 50, akaturudishia tofauti ya bei. Upande mmoja tuliacha sentimita 2 za kupitisha hewa, na upande wa pili ukabaki mwanya ambamo masinia yangu husimama wima, jambo nililokuwa nikilitamani kwa miaka. Sufuria kubwa ya pilau haikai juu yake, ni kweli. Lakini pilau ya watu wengi sisi huipika uani kwa kuni, kama zamani.

Jumamosi ya kwanza ya Ramadhani wifi zangu wote wawili walikuja kufuturu. Mdogo aliingia jikoni peke yake, akakaa kitambo, akatoka amebeba sinia la mkate. Baada ya Tarawehe, mama mkwe akasema kwamba swali lake la siku ile lilikuwa halijajibiwa bado. Tukaafikiana kumwita shekhe baada ya Idi ili mirathi igawanywe, kila mmoja ajue kilicho chake. Alhamdulillah, yamekwisha kwa salama.

Dada yangu, kabla ya kumwita fundi, chukua tepu upime pengo. Kisha ujiulize meza ni ya nani.

Wabillahi tawfiq. Tukutane wiki ijayo, inshallah.