Mambo ya Nyumbani: Gari Lichemshalo

Wasomaji wetu wapenzi, tuliahidi kwamba mwezi huu tutaendelea na habari za bustani. Twaomba radhi, maana imetufikia barua kutoka Kirumba ambayo haikuweza kungoja. Mwandikaji ni mama mjane. Ana pikapu kuukuu, Toyota Hilux, aliyoachiwa na marehemu mumewe, nayo ndiyo jembe la nyumba ile: alfajiri mwanawe huteremka nayo Mwaloni kupakia magunia ya dagaa, akayapeleka Magu na Bunda kwa wateja. Sasa gari lachemsha. Fundi mmoja amemwambia injini imekwisha, anunue nyingine. Naye mama amekwisha kumpata mtu wa kununua kiwanja chake ili apate fedha. Mwisho wa barua ameuliza neno moja tu: "Je, niuze?"

Tulimjibu siku ile ile kwamba asiuze bado. Kisha tukaenda Kirumba siku ya Ijumaa pamoja na fundi mmoja mzee, asiyependa jina lake litajwe. Alipokwisha kuamkiwa hakufungua boneti. Aliketi juu ya kigoda, akamwuliza kijana, "Mwanangu, lachemsha lini?"

Kijana akajibu, "Babu, lachemsha sana."

"Sikuuliza kiasi, nimeuliza wakati."

Kijana akafikiri, akaeleza. Katika barabara ya Musoma, likipita Kisesa na kuendelea mpaka Magu, mshale wa joto hukaa katikati wala hausogei, hata likiwa na mzigo. Lakini pale Mwaloni, likinguruma limesimama huku magunia yakipakiwa, mshale hupanda mpaka penye rangi nyekundu. Vivyo hivyo jioni mjini, magari yanaposongamana.

Hapo nusu ya kazi ilikuwa imekwisha, ingawa hakuna spana iliyoguswa. Gari liendalo kasi hupata upepo wa bure, nao hupita katika rejeta na kupoza maji. Gari lililosimama halina upepo ila ule uvutwao na feni. Basi gari likiwa salama njiani, tena likachemsha limesimama, mtuhumiwa wa kwanza ni feni na vitu vyake. Wale waliokuwa wakipanga foleni ya kivuko pale Kigongo, kabla ya daraja la kwenda Busisi kufunguliwa Juni 2025, watakumbuka magari yaliyofika vizuri kutoka mbali yakaanza kutoa mvuke palepale foleni. Dereva akalaumu safari ndefu, kumbe kosa lilikuwa katika kusimama.

Ikiwa mambo ni kinyume, yaani gari latulia likisimama na kuchemsha likienda kasi au likipanda mlima na mzigo, hapo tutazame rejeta iliyoziba ndani kwa kutu, au pampu ya maji iliyochoka, au mpira wa maji wa chini uliolegea hata ukajikunja kwa kuvutwa. Na likichemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa, huenda maji yamepungua, au themostati imekwama ikiwa imefungwa.

Lakini mama alitaka kujua habari ya injini, maana ndiyo iliyomkosesha usingizi. Fundi wa kwanza alisema gasketi ya silinda hedi imeungua na hedi yenyewe imepinda. Jambo hili laweza kupimwa bila kufungua kitu. Kesho yake alfajiri, injini ikiwa baridi kabisa, mzee alifungua kifuniko cha rejeta, akajaza maji mpaka juu, akamwambia kijana awashe. Sote tukachungulia. Kama gasketi imeungua, moshi wa ndani ya silinda hupenya katika maji, nawe utaona mapovu yakipanda mfululizo pasipo kukoma, wakati maji hayajapata hata uvuguvugu. Mapovu machache ya mwanzo si neno, ni hewa iliyonaswa. Kwetu yalitoka machache yakakoma. Kisha akachomoa kijiti cha kupimia oili: oili ilikuwa nyeusi ya kawaida, si nyeupe kama chai ya maziwa. Bomba la nyuma halikutoa moshi mweupe wenye harufu tamu. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kanga yake mdomoni. Mzee akamgeukia akasema, "Mama, injini yako ni nzima. Kiwanja ni chako."

Ndipo akaanza kutafuta ugonjwa wenyewe. Injini ilipopata moto, aliomba karatasi ya gazeti, akaiweka mbele ya rejeta. Feni yenye nguvu huivuta karatasi ikashikamana; hii ilianguka chini. Akazima injini, akatoa ufunguo na kuutia mfukoni (twawasihi msisahau jambo hili, maana feni hukata vidole), akaizungusha feni kwa mkono. Ikazunguka mara nyingi kama pia ya watoto. Katika magari haya feni haikufungwa moja kwa moja, bali ina klachi yenye mafuta mazito ndani. Ikipata moto yapasa kushika, na mkono uone uzito. Mafuta yake yalikuwa yamevuja, alama zake nyeusi zilionekana. Tena ule ukingo wa plastiki uizungukao feni, ambao kazi yake ni kuulazimisha upepo upite katika rejeta, haukuwapo. Ulitolewa wakati wa matengenezo fulani haukurudishwa. Tuliukuta uani, kuku walikuwa wakitagia ndani yake.

Rejeta nayo ilikuwa imeziba kwa nje. Wenyeji wa ufukweni wawajua wale wadudu wadogo wa ziwani wapandao kama moshi. Gari likipita katikati yao hunasa katika mapezi ya rejeta, na vumbi na magamba ya dagaa vikaongezeka juu yake. Mzee aliosha kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, akielekeza kutoka upande wa injini kwenda nje, ili uchafu urudi ulikotoka.

Jambo la mwisho lilikuwa dogo kwa umbo, nasi twataka kukaa juu yake kidogo. Ni kifuniko cha rejeta. Wengi hudhani ni kizibo tu, hata wakaweka chochote kinachoenea. Ziwa letu liko yapata meta 1,134 juu ya bahari, na kwa hiyo hapa Mwanza maji katika sufuria huchemka kwenye digrii 96 hivi, si 100 kama Dar es Salaam. Injini yenyewe hufanya kazi vizuri kati ya digrii 85 na 95. Tazameni jinsi nafasi ilivyo ndogo! Kifuniko kizima, chenye springi na mpira, hubana maji. Kile kilichoandikwa 0.9 huyazuia yasichemke mpaka karibu digrii 115. Mpira ukichakaa, nafasi ile yote imepotea. Kifuniko cha mama mpira wake ulikuwa umepasuka.

Kwa sababu iyo hiyo kijana alikuwa na kovu bichi mkononi. Siku moja Mwaloni alifungua kifuniko gari likiwa limechemka, akidhani anasaidia. Maji yaliyobanwa yakipata njia hugeuka mvuke mara moja, yakaruka. Zimeni, ngojeni nusu saa au zaidi mpaka mpira wa juu ushikike kwa mkono, ndipo mfungue kwa kitambaa kinene, polepole. Wala msimimine maji baridi ya ziwa katika injini yenye moto, maana hedi yaweza kupasuka, na hapo neno la fundi wa kwanza litakuwa kweli. Mtu akiungua, apozwe kwa maji safi yanayotiririka muda wa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno wala mafuta.

Kijana aliuliza kama aitoe themostati, kama wenzake wafanyavyo kwa kuwa nchi yetu ni ya joto. Mzee alikataa, nasi twakubaliana naye. Injini isiyo na themostati hukawia kupata moto, hula mafuta na kulika upesi. Na katika injini nyingine maji hupata njia ya mkato yasipite katika rejeta, gari likachemsha zaidi. Ukiishuku, itie katika sufuria ya maji juu ya jiko: karibu na digrii 82 yapasa ianze kufunguka.

Klachi mpya ya feni na kifuniko vilinunuliwa mjini, na ukingo ukanyang'anywa kuku. Jumatatu gari lilipakiwa Mwaloni likinguruma muda wa saa nzima, na mshale haukupita katikati. Mama ametuandikia kwamba mnunuzi wa kiwanja alikasirika kidogo. Habari za bustani, mwezi ujao.