Kuiga si Kuiba

Yamezuka maneno miongoni mwetu, walimu wa Kiswahili wa hapa Namakwekwe, na twaona ni heri kuyatoa hadharani katika kurasa hizi kuliko kuyaacha yakinong'onwa vibarazani. Mwenzetu mmoja aliwasikilizisha wanafunzi wake nyimbo chache za Home Again, santuri ya kwanza ya mwimbaji Michael Kiwanuka, iliyotoka mwaka 2012, kisha akawapa kazi ya kuandika insha juu yake kwa Kiswahili. Basi akashambuliwa kwa mashtaka mawili. La kwanza, kwamba muziki ule ni wa kuiga, hauna jipya. La pili, kwamba si wetu, na kwa hiyo hauna nafasi katika darasa la Kiswahili. Sisi twayakataa yote mawili, na sababu zetu ni hizi.

Mwimbaji huyo alizaliwa London mwaka 1987. Wazazi wake ni Waganda walioihama nchi hii kwa kuukimbia utawala wa Idi Amin. Alikuwa akiwapigia wengine gitaa kabla ya kusimama mbele na kuimba mwenyewe. Mwanzoni mwa mwaka 2012 BBC ilimtaja wa kwanza katika orodha yake ya wanamuziki wapya wa kutazamiwa, na mwezi Machi santuri ikatoka. Mwenye kuisikiliza hupokewa na gitaa la taratibu, filimbi, nyuzi za fidla, na sauti nzito yenye mkwaruzo, isiyo na haraka. Akifumba macho atadhani ameketi mbele ya redio ya mwaka 1971. Ndiyo maana wachambuzi wa Ulaya walimlinganisha na Bill Withers na Otis Redding, na si wote waliokusudia kumsifu.

Tulitazame shtaka la kuiga. Lingetoka kinywani mwa mtu mwingine tungelisamehe. Walakini limetoka kwa walimu wa ushairi wa Kiswahili! Sisi ndio tunaosimama mbele ya ubao kila muhula tukifundisha kwamba ubeti wa utenzi una vipande vinne, kila kipande mizani nane, vitatu vya kwanza vikipatana vina, na cha nne kikibeba kina kinachopita utenzi mzima. Umbo hilo limo katika Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728. Zaidi ya miaka mia mbili baadaye Shaaban Robert alilichukua umbo lilo hilo akasimulia kwalo vita vya mwaka 1939 hadi 1945, vita vya ndege na vifaru. Je, yupo miongoni mwetu aliyewahi kumwita mwigaji? La hasha. Twasema ameshika kanuni. Kwa nini basi mshairi wetu ashike kanuni asifiwe, na kijana wa London ashike kanuni za muziki wa soul alaumiwe?

Wala hatuna haja ya kwenda pwani kutafuta mfano. Mwaka huo wa 2012 ulikuwa mwaka wa imbalu, kwa kuwa Wagisu hutahiri vijana wao katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Ngoma za kadodi hupigwa katika njia za Mbale kama zilivyopigwa kwa ajili ya baba na babu wa vijana hao. Hatujapata kumwona mzee aliyesimama kando ya njia akanung'unika kwamba mdundo ule ameshausikia. Mdundo ni wa wote. Ujasiri ni wa kijana mmoja mmoja, na huo ndio unaotazamwa.

Hatusemi kwamba santuri hii haina ila. Nyimbo zake kadhaa zinakwenda kwa mwendo mmoja, na mahali pengine heshima kwa wazee wa fani inamzuia mwimbaji asiitoe sauti yake mwenyewe. Mtu akisema hivyo tutakubaliana naye. Lakini hiyo ni kasoro ya mwanafunzi mwema, si hatia ya mwizi, na mwalimu asiyejua tofauti ya mambo hayo mawili atawaumiza wengi. Yatazameni yaliyofuata. Santuri ya pili, Love & Hate, ilitoka mwaka 2016, nayo yafunguliwa na wimbo wa dakika kumi hivi, usio na haya wala woga. Ya tatu, ya mwaka 2019, aliipa jina la ukoo wake tu, Kiwanuka; nayo ilimpatia Tuzo ya Mercury mwaka 2020. Aliyeanza kwa kufuata nyayo za wengine aliishia kujitaja kwa jina lake. Ndivyo kila fundi anavyofundwa.

Shtaka la pili ni zito zaidi, kwa sababu limevaa joho la uzalendo. "Si wetu," wanasema. Si neno geni. Mwaka 1969 wakuu wa Dar es Salaam waliupiga marufuku muziki wa soul mjini humo kwa hoja ya kuulinda utamaduni wa taifa. Muziki wenyewe ulikuwa umezaliwa na Wamarekani Weusi, wajukuu wa watu waliotolewa Afrika kwa minyororo. Marufuku ile ilipita, na hatujaona Kiswahili kilipata faida gani kwayo.

Sasa tujitazame sisi wenyewe. Kiswahili hakikuzaliwa Namakwekwe. Watoto wetu huja shuleni na Lugisu, Luganda, Kiteso na lugha nyingine za nyumbani. Kiswahili kilitufikia kwa misafara ya biashara, kwa askari na kwa wafanyakazi wa reli, nasi tukajifunza kwa kuiga: tuliiga matamshi, tukaiga ngeli, tukaiga methali. Shaaban Robert mwenyewe alikuwa wa asili ya Kiyao. Kama Kiwanuka ni mwizi wa soul, basi sisi tu wezi wa Kiswahili, na hukumu inayomtoa yeye darasani yatutoa na sisi, na chaki zetu mkononi.

Tena lipo jambo ambalo mwalimu wa Uganda hawezi kulikwepa. Utawala ule ule uliowakimbiza wazazi wa mwimbaji huyu ndio uliotangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Wananchi walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka kwa wenye bunduki. Ni kweli kwamba mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa ili kiwe lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likapendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hata hivyo, wapo wazazi ambao hadi leo hushtuka mtoto wao akikitamka nyumbani. Hofu hiyo hatutaiondoa kwa kusimama mlangoni mwa darasa na kuudai kila wimbo kitambulisho. Vizuizi tumevijua, tusivijenge tena sisi wenyewe.

Na kazi ya wale wanafunzi ilikuwaje? Walianza na jina la santuri. Mmoja alilitafsiri "Nyumbani Tena". Mwingine akapinga: nyumbani ni penye paa, bali kwetu ni penye watu, basi iwe "Kwetu Tena". Wa tatu akauliza: mtoto aliyezaliwa London na wazazi wa Uganda, kwao ni wapi? Mmoja akarusha methali, "Mkataa kwao mtumwa." Akajibiwa kwa nyingine, "Mwenda kwao si mtoro." Kengele ikalia wakiwa bado wanabishana, na wakatoka nje wakibishana, kwa Kiswahili, bila kulazimishwa na mtu.

Wenzetu wanaoshutumu watuambie ni kitu gani kingine wanachokitaka kutoka katika kipindi cha dakika arobaini.