UCHAMBUZI: Anayesaka kosa katika mchezo wa tarakilishi asidharauliwe Migori

WAZAZI wengi katika kaunti za Migori na Homa Bay wanapomwona kijana ameinamia tarakilishi hadi usiku wa manane huwa na hukumu moja tu: anapoteza wakati. Nami nilikuwa na hukumu iyo hiyo hadi majuzi nilipomtembelea dada yangu mjini Awendo, nikamkuta mpwa wangu amekunja uso mbele ya kipakatalishi cha mtumba.

“Mjomba, mchezo unazimika hata kabla sijaanza kucheza,” alinieleza. Nilimshauri aufute, apakue upya kila kitu. Alinitazama kwa heshima na huruma, kisha akaniuliza iwapo nilikuwa tayari kumnunulia bando la kufanya hivyo.

Swali hilo ndilo kiini cha uchambuzi huu.

Mchezo wenyewe ni Skyrim, uliotolewa na kampuni ya Bethesda ya Marekani mnamo Novemba 2011. Msomaji ana haki ya kuuliza mchezo wa umri huo una habari gani leo. Jibu ni kwamba waundaji wake waliuacha mlango wazi. Februari 2012 walitoa bila malipo zana ya kuuhariri, na tangu hapo wachezaji kote ulimwenguni wamekuwa wakiutungia nyongeza ziitwazo modi: vijiji vipya, silaha mpya, hali ya hewa mpya, hata hadithi nzima. Mapenzi ya namna hii si mageni kwetu. Katika mchezo wa simu wa Bus Simulator Indonesia, uliotolewa mwaka 2017, vijana wa Kenya wamekuwa wakiyavika mabasi rangi na nembo za mabasi tunayopanda kila siku.

Katika Skyrim, modi nyingi huja na faili iitwayo plagini. Plagini ni orodha ya masahihisho tu. Inauambia mchezo: bei ya upanga huu iwe hii, katika nyumba ile ongeza mtu, katika chumba hiki punguza mwanga. Mchezo huzisoma plagini moja baada ya nyingine kwa mpangilio maalumu, na kanuni yake ni moja: zikigusa rekodi ile ile, ya mwisho kusomwa ndiyo inayotawala.

Kwa sisi tuliozeekea katika meza ya uhariri, jambo hili halihitaji mkalimani. Mhariri wa kwanza akirekebisha aya, na wa pili akaichukua nakala ya zamani ya aya iyo hiyo na kuirekebisha kivyake, kinachochapishwa ni kazi ya wa pili. Ya kwanza hupotea bila mtu kujua. Waama, fahali wawili hawakai zizi moja.

Sasa fikiria kijana aliyeweka modi 60 au 100, kila moja ikiwa kazi ya mtu asiyewafahamu wenzake. Mgongano ukitokea, atajuaje mkosaji ni nani? Njia ya mkato ndiyo ile niliyoipendekeza. Kijana wa London au Chicago ambaye intaneti yake haipimwi kwa senti anaweza kuimudu. Kijana wa Awendo, Ndhiwa au Mbita anayenunua bando kwa vipimo hawezi. Modi zenye picha za ubora wa juu humaliza gigabaiti kadhaa, nazo gigabaiti hizo zimelipiwa kwa pesa ambazo zingenunua sukari na mafuta ya taa. Kwake yeye, kulijua kosa mahali lilipo ni suala la uchumi.

Hapo ndipo inapoingia programu iitwayo xEdit. Ilianzishwa na mtaalamu anayejulikana mtandaoni kwa jina la ElminsterAU, kwanza kwa ajili ya mchezo wa Oblivion wa mwaka 2006, kisha ikapanuliwa kuhudumia Skyrim na michezo ya Fallout. Haiuzwi, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma. Kazi yake ni kuzifungua plagini zote kwa pamoja na kuziweka bega kwa bega, safu kwa safu, ili mtazamaji aone kila moja imesema nini kuhusu rekodi moja. Penye mgongano, mandhari ya nyuma huwa mekundu. Maandishi ya plagini iliyoshinda huwa ya rangi ya chungwa, na ya zile zilizoshindwa huwa mekundu.

Mpwa wangu aliifungua nikishuhudia. Programu haikumaliza hata kuzipakia faili. Ilisimama na kutangaza kwamba plagini moja ilikuwa ikiitegemea faili nyingine ambayo haikuwapo. Kumbe wiki moja awali alikuwa ameifuta faili hiyo ili kupata nafasi katika diski, asijue kwamba kuna nyingine iliyojengwa juu yake. Nyumba iling’olewa msingi, ndipo ikaanguka. Aliirejesha faili hiyo moja tu, tena ndogo, na mchezo ukafunguka.

Hata hivyo, lilisalia kosa la pili. Nyumba ya wageni katika kijiji kimoja mchezoni ilikuwa giza totoro ingawa alikuwa ameweka modi ya mwanga. Alirudi katika xEdit, akaitafuta rekodi ya chumba hicho, na rangi nyekundu ikamfumbulia fumbo. Modi ya fanicha ilikuwa imebeba pia maelezo ya zamani ya mwanga, na kwa kuwa ilisomwa mwisho, iliizima ile nyingine. Hakuifuta hata moja. Aliunda plagini ya tatu, ndogo mno, yenye rekodi hiyo pekee, akachukua fanicha kutoka huku na mwanga kutoka kule, kisha akaipanga mwisho. Faili za awali hazikuguswa.

Nilipomuuliza kwa nini asifute tu sehemu inayoleta fujo, alinijibu kwamba kitu kilichofutwa huenda kinatafutwa na modi nyingine, na isipokiona mchezo huzimika. Ndiyo maana xEdit ina amri ya kuvirejesha vitu vilivyofutwa na kuvizima badala yake. Kijana huyu alikuwa amejifunza, bila mwalimu, somo ambalo baadhi yetu maofisini hatujalielewa: usiondoe nguzo kabla ya kujua inabeba nini.

Isidhaniwe kwamba programu hii ni dawa ya kila ugonjwa. Haitambui picha iliyoharibika, wala haiwezi kutibu kasoro inayotokana na toleo jipya la mchezo wenyewe. Aprili 25, 2024, Bethesda ilitoa sasisho kubwa la Fallout 4 na modi nyingi zikavurugika. Hata kikundi cha Uingereza kilichokuwa kimefanya kazi kwa miaka kadhaa kuunda Fallout: London kililazimika kuahirisha uzinduzi hadi Julai 25 mwaka huo. Aidha, anayebonyeza amri za usafishaji bila kusoma anaweza kuharibu zaidi ya alichokusudia kurekebisha. Zana haifikirii kwa niaba ya mtu.

Wala sisemi kwamba kila kijana anayecheza anajifunza. Wapo wanaopoteza usiku na kufeli mitihani. Wapo pia walionaswa na kamari ya simu, ambayo imezitesa familia nyingi nchini. Lakini kamari na kazi niliyoiona Awendo ni mbingu na ardhi. Kamari humfunza kijana kungoja bahati. Huyu wangu alikuwa ameweka dhana, akaijaribu, akabadilisha jambo moja kwa wakati mmoja, na akahifadhi nakala ya akiba kabla ya kugusa chochote.

Itakumbukwa kuwa mwaka 2016 serikali ilianza kusambaza tabuleti katika shule za msingi. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) iliidhinisha silabasi ya kufunza usimbaji shuleni. Kisha ikaja ahadi ya serikali ya sasa ya kujenga vituo vya kidijitali katika wadi zote 1,450 nchini. Migori ina wadi 40 na Homa Bay 40. Maana yake ni kwamba, ahadi ikitimizwa kikamilifu, kaunti hizi mbili zitakuwa na vituo 80.

Swali ni je, vituo hivyo vitafunza nini? Tukiviacha viwe mahali pa kuchapa barua na kujaza fomu za serikali tu, tutakuwa tumejenga majumba. Ujuzi adimu katika taaluma ya tarakilishi ni kusoma mfumo uliotungwa na wengine, kugundua mahali unapogongana, na kuurekebisha bila kuuvunja. Mfumo wa malipo wa hospitali ya kaunti unapokwama, au orodha mbili za wakulima wa miwa zinapokinzana kwa sababu ya jina moja lililoandikwa kwa namna mbili, anayehitajika ni mtu wa kuzilinganisha safu kwa safu hadi kosa lionekane.

Pendekezo langu halihitaji bajeti kubwa. Kwanza, kila kituo kiwe na intaneti isiyopimwa walau kwa saa za jioni, ili ukosefu wa bando usimzuie mwenye ari. Pili, wakufunzi wasiwafukuze vijana wa michezo, bali wawaombe waonyeshe wenzao jinsi wanavyotafuta kosa. Tatu, Chuo Kikuu cha Rongo na kile cha Tom Mboya kilichoko Homa Bay viwatume wanafunzi wa tarakilishi katika vituo hivyo wakati wa mazoezi ya nyanjani, wawaunganishe vijana hawa na masomo rasmi. Kijana aliyezoea kusoma rekodi za plagini hatashtushwa na hifadhidata.

Nao wazazi wasihukumu mbio. Kabla ya kumzimia mtoto umeme, mketie kando, umuulize: unafanya nini hapo? Akikwambia anacheza, una haki ya kumtuma kisimani. Lakini akikujibu kwamba kuna kosa mahali na anataka kujua liko wapi, mwachie taa ikiwaka kidogo.