Kabla bibi hajang'olewa jino, pimeni sukari

Bibi amekuja kukaa kwa mwanawe Elerai, na gego la chini limemsumbua wiki nzima. Asubuhi mkwe anampeleka kwa daktari wa meno, anachomwa ganzi, jino linatoka, wanarudi nyumbani bibi akiwa ameng'ata pamba. Familia nyingi huona kazi imeishia hapo. Kwa mtu ambaye sukari yake haijadhibitiwa, hatari ndiyo kwanza inaanza.

Pengo la jino ni kidonda kilicho wazi mpaka kwenye mfupa. Kwa kawaida damu huganda ndani yake ikalifunika, kisha nyama huota. Sukari ikikaa juu muda mrefu, chembe za damu zinazopigana na vijidudu hulegea, na mishipa midogo haipitishi damu vizuri. Taya la chini huathirika zaidi kwa sababu hupata damu kidogo kuliko la juu. Vijidudu vya kinywani, ambavyo kila mtu anavyo, huingia mpaka mfupani. Maambukizi nayo hupandisha sukari, na sukari hiyo huyapa maambukizi nguvu.

Kumuuliza mgonjwa kama ana sukari hakutoshi. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari hukadiria kuwa zaidi ya nusu ya watu wazima wenye kisukari barani Afrika hawajui kama wanacho. Bibi atajibu "sina", wala hadanganyi. Tone moja la damu ya kidole, kabla ya ganzi, humaliza ubishi. Kama anakunywa maji kupita kiasi, anaamka usiku mara nyingi kukojoa, au meno yamelegea bila kugongwa, kipimo hicho kisikosekane. (Rangi ya kahawia kwenye meno ya watu waliokulia chini ya Mlima Meru ni habari nyingine: hiyo ni floraidi ya maji, si sukari, na si sababu ya kung'oa.)

Sukari ikikutwa juu sana na jino si la dharura, daktari anaweza kuahirisha mpaka ishuke. Kama usaha umeshajaa hangoji: unatolewa huku sukari ikishushwa. Mwenye kisukari asiende na njaa kwa kudhani ganzi ya jino inataka tumbo tupu. Ale, anywe au achome dawa zake kama kawaida, na abebe daftari lake la kliniki.

Nyumbani, siku ya kwanza asisukutue, asivute sigara. Kuanzia siku ya pili maji ya uvuguvugu yenye chumvi yanatosha. Ugoro au unga wowote wa kienyeji usitiwe kwenye pengo. Dawa ya sukari isiachwe eti kwa sababu hali vizuri. Apewe uji au mtori, na sukari ipimwe.

Maumivu hupungua kila siku. Yakianza kupanda baada ya siku ya tatu, au usaha ukitoka, arudi kwa daktari siku hiyohiyo, badala ya kununua vidonge vya rangi mbili dukani. Shingo au chini ya kidevu kukivimba, mdomo ukikataa kufunguka, mate yakishindwa kumezeka au pumzi ikibana, ni dharura hata kama ni saa nane usiku. Uvimbe huo unaweza kuziba njia ya hewa, kwa hiyo apelekwe Mount Meru au hospitali kubwa yoyote iliyo karibu, na anayempeleka atamke mlangoni: ana sukari, aling'olewa jino siku fulani.