Mche Wenye Mizizi Misafi Usikudanganye

Ndugu mkulima, sokoni mara nyingi utamsikia mnunuzi akisema, "Nipe hii, mizizi yake misafi, haina matope." Muuzaji naye, ili auze haraka, huikung'uta miche udongo wote, wengine huiosha kabisa. Mimi nasema wazi: usafi huo unawatia hasara wote wawili.

Sababu iko kwenye mzizi wenyewe. Ngozi ya mzizi imejengwa kwa seli, ambazo ni ndogo mno kuonekana kwa macho. Zikiwa changa hufanana. Lakini nyuma kidogo ya ncha ya mzizi, baadhi ya seli hubadilika: ukuta wa seli hulegea sehemu moja, hapo hutokeza kinundu, na kinundu hurefuka hadi kuwa kinyweleo chembamba. Kila kinyweleo ni seli moja tu. Kwenye ncha yenyewe havioti, kwa kuwa ncha ndiyo inayopenya udongo, na vingekatika.

Vinyweleo hivi hujipenyeza kati ya chembe za udongo kunyonya maji na virutubisho, hasa fosforasi, ambayo haisogei mbali ardhini. Mzizi ndio huifuata. Mwaka 1937 mtafiti wa Marekani, Howard Dittmer, alikadiria kuwa mmea mmoja tu wa nafaka ya jamii ya ngano, wenye umri wa miezi 4, ulikuwa na vinyweleo karibu bilioni 14.

Sasa fikiria unapong'oa mche kwenye kitalu kikavu, kisha ukaukung'uta. Vinyweleo vimeshikamana na udongo. Udongo ukitoka, navyo vinakatika, na seli iliyokatika haioti kinyweleo kingine. Mche itaubidi utoe mizizi mipya kwanza, huku majani yakiendelea kupoteza maji juani. Ndiyo maana unamwagilia asubuhi na jioni na mche bado umelala. Maji yapo, vya kuyanywea havipo.

Utaniambia, "Mbona kabichi na sukuma wiki napandikiza hivyo na zinapona?" Kweli, nyingi hupona. Lakini zinapona kwa kupoteza siku ambazo zingekuwa zinakua, na jua likiwa kali zinakufa. Matango, matikiti na maboga hayastahimili kabisa kuvurugwa mizizi. Hayo panda mbegu moja kwa moja shambani au kwenye viriba.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwagilia kitalu vizuri saa chache kabla ya kuhamisha. Chimbua mche kwa mwiko, usiuvute shina. Ubebe na donge lake la udongo, ufunike kwa gunia bichi, uupande jioni, kisha mwagilia hapohapo.

Na wewe mfanyabiashara wa miche, uza na udongo wake, hata ikibidi uongeze bei kidogo. Mteja aliyenunua miche 100 kwa bei ya chini ikamfia 30, wiki ijayo atanunua kwa mwingine. Aliyepata miche iliyoshika atarudi kwako msimu ujao, tena atakuja na jirani yake.