Akiba Isiyotunzwa Huoza

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Hatuthubutu kuwakosoa, kwani walikuwa wakizungumzia fedha na nafaka. Hata hivyo, iko akiba ya aina nyingine ndani ya tovuti za shule zetu ambayo huoza upesi isipotunzwa, na ikioza huwaumiza watu wasiojua hata kwamba ipo.

Majuzi tulitembelea shule moja ya upili viungani mwa jiji la Nakuru. Mwalimu mkuu alilalamika kuwa wazazi humpigia simu tangu alfajiri wakiulizia karo, sare na masomo yanayofundishwa, ilhali yote hayo yameandikwa katika tovuti ya shule. Tulipojaribu kuifungua kwa simu, ukurasa wa kwanza ulichukua zaidi ya nusu dakika. Mzazi aliye Molo au Subukia, aliyenunua data ya shilingi chache, hawezi kungoja muda huo. Hufunga, akajaribu tena, na kila jaribio humpunguzia data yake.

Jambo hili si dogo. Mwezi Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi waliingia Gredi ya 10, na sasa familia hulazimika kujua mapema ni shule ipi inayofundisha masomo gani katika mikondo mitatu iliyowekwa. Anayekosa habari huchagua kwa kubahatisha.

Shuleni humo, kila aliyeulizwa aliulaumu mtandao. Hukumu hiyo ingaliaminika zamani. Katika miaka ya 1990 mawasiliano ya Kenya na ng'ambo yalitegemea satelaiti iliyo angani kimo cha kilomita 36,000 hivi, kupitia kituo cha Longonot kilichofunguliwa mwaka 1970 katika Bonde letu hili la Ufa. Hata barua ya kompyuta baina ya ofisi mbili za Nairobi iliweza kuzunguka ughaibuni kabla ya kufika. Kituo cha kubadilishana mawasiliano cha KIXP kilianzishwa Nairobi mwaka 2000, kikafungwa mwaka huo huo, kisha kikafunguliwa tena mwaka 2002 na kuufupisha mzunguko huo. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS ziliwasili Mombasa kupitia chini ya bahari. Upo bado upungufu wa mtandao mashinani, lakini tovuti nyingine zilifunguka vyema kwa simu ile ile, mahali pale pale. Kosa lilikuwa kwingineko.

Shule hiyo, kama nyingi nyinginezo, hutumia WordPress, programu huria iliyotolewa mwaka 2003 na Matt Mullenweg pamoja na Mike Little. Kwa kawaida, mgeni akiomba ukurasa, seva huendesha programu, ikaulizia habari katika hifadhidata, kisha ikauunda ukurasa upya. Kazi hiyo hurudiwa kwa kila mgeni. Ili kuipunguza, mafundi huongeza programu-jalizi ya akiba, ambayo huhifadhi nakala ya ukurasa uliokwisha kuundwa na kumpa mgeni anayefuata bila kuanza upya.

Mkazi wa Nakuru hahitaji kufafanuliwa faida ya ghala. Lakini hebu tuwazie ghala lenye watunzaji wawili wasiosemezana, ambapo kila likiletwa gunia moja jipya magunia yote hutolewa nje, yakahesabiwa na kurudishwa, huku wanunuzi wakipiga foleni juani. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika tovuti ile. Fundi wa kwanza aliweka programu-jalizi ya akiba, akaondoka bila kuandika alichofanya. Wa pili akaongeza nyingine. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Zaidi ya hayo, kila tangazo jipya lilifuta akiba nzima, kisha seva ikaanza kuunda kurasa zote kwa mkupuo. Kwa kuwa seva yenyewe hutumiwa na tovuti nyingi, na kila moja ina mgao wake, wageni walibaki wakingoja nyuma ya kazi hiyo isiyokwisha.

Kwa nini mwenye tovuti hakugundua mapema? Aghalabu anayeingia kwa nywila ya msimamizi hapewi nakala ya akiba. Huundiwa ukurasa wake mwenyewe. Anachokiona sicho anachokiona mzazi. Kwa hivyo kanuni ya kwanza ya uchunguzi ni kuingia kama mgeni, kwa dirisha la faragha la kivinjari au kwa simu ya mtu mwingine.

Ya pili ni kufungua ukurasa ule ule mara mbili na kupima muda ambao seva huchukua kabla ya kuanza kujibu. Akiba ikifanya kazi, jibu la pili huja upesi. Nyakati zikilingana na zote mbili zikiwa ndefu, huenda akiba haitumiki. Ya tatu ni kuhifadhi nakala ya tovuti nzima, kuizima programu-jalizi, kisha kupima tena. Kasi ikiongezeka, mkosaji amepatikana. Isipoongezeka, yafaa kuchunguza mengine, hasa picha kubwa zilizopakiwa moja kwa moja kutoka kwenye simu. Ya nne ni kubakiza programu-jalizi moja tu, kuondoa mabaki ya ile nyingine, kuangalia kama diski imejaa, na kurudisha mipangilio mmoja baada ya mwingine huku ukipima kila hatua. Anayebadilisha mambo matano kwa pamoja hatajua lililoponya wala lililodhuru.

Katika shule hiyo, kazi yote ilifanywa na mwalimu wa kompyuta na wanafunzi wachache katika alasiri moja. Ukurasa sasa hufunguka kwa sekunde chache. Shule ilikuwa karibu kulipia seva ya bei ghali, kwa fedha za karo za wazazi wale wale waliokuwa wakishindwa kuifungua tovuti.

Wapo watakaosema kwamba tovuti ni anasa, na kwamba makundi ya WhatsApp yanatosha. Hatukubaliani nao. Kundi huwafaa wazazi ambao tayari wamo shuleni. Yule anayetafuta shule bado hana wa kumwingiza. Wengine watasema kazi hii ni ya mafundi. Ni kweli, lakini fundi huja na kuondoka, na shule hubaki na alichokiacha.

Tungependa basi kuzisihi bodi za shule zidai kutoka kwa kila fundi maandishi yanayoonyesha alichoweka, sababu yake na namna ya kukiondoa, kabla ya kumlipa. Walimu wa kompyuta nao wasiishie kwenye ufafanuzi wa vitabuni. Tovuti ya shule ni maabara iliyo tayari, na kuuliza "ni nini kilichobadilika, nami nimepimaje?" ni somo litakalomfaa mwanafunzi awe daktari, mkulima wa ngano Njoro au fundi wa magari. Vyuo vikuu vyetu, kikiwamo Egerton, vingefanya hisani kubwa kwa kuwatuma wanafunzi wa kompyuta wakague tovuti za shule jirani wakati wa likizo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla ya muhula ujao kuanza, kila mwalimu mkuu na aichukue simu ya mzazi mmoja, aifungue tovuti ya shule yake, na ahesabu sekunde.