Garimoshi la Mbao na Alama za Kununua

Liko jambo moja lifanyikalo katika shule zetu, toka Kitale hata Bungoma, ambalo wazazi hulicheka, walimu hulifumbia macho, na wanafunzi wameanza kulizoea. Mwanafunzi huambiwa atengeneze kwa mikono yake mfano wa chombo cha usafiri. Siku ya kuuleta ikifika, huja na garimoshi zuri la mbao lililopigwa randa na msasa, likapakwa vanishi, lenye mabehewa matatu nyuma. Limetoka katika karakana ya seremala aliye kando ya barabara, na fedha zimetoka katika mfuko wa mzazi. Mwalimu hulitazama, hulisifu, kisha huandika alama. Mimi nasema kwamba alama hizo ni za wizi, na aliyeibiwa kuliko wote ni mwanafunzi mwenyewe.

Nia ya kazi hizo ni njema. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulizipa kazi za mikono nafasi kubwa; baadaye masomo hayo yakapunguzwa na kusahauliwa. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, umeyarudisha kwa sura nyingine: mwanafunzi asikariri tu, atende. Basi mara mbili taifa limesema kwamba mkono nao una haki ya kusoma. Lakini sheria ya serikali haiwezi kushika msumeno. Ikiwa mzazi ananunua na mwalimu anapokea, mtaala wowote utakufa mlangoni mwa darasa.

Nimechagua mfano wa garimoshi kwa kuwa ni mfano wa kwetu. Kitale ilipata reli mwaka 1926, kwa njia ya tawi iliyotoka Leseru, karibu na Eldoret, ili mahindi na mazao mengine ya Trans Nzoia yapate kushuka pwani. Njia kuu nayo ilipita Turbo na Webuye, ikafika Bungoma, ikavuka Malaba, ikaingia Jinja mwaka 1928 na Kampala mwaka 1931. Mtu wa Kitale aliyetaka kwenda Bungoma kwa garimoshi ilimlazimu kwanza aelekee kusini mashariki mpaka Leseru, ndipo ageuke kwenda magharibi. Mji wetu mmoja ulikuwa mwisho wa tawi, na mwingine kituo cha njia kuu. Wengi wa watoto wa leo hawajapata kupanda behewa hata siku moja. Kama hawawezi kulipanda, heri walijenge. Na kama watalijenga, walijenge wenyewe.

Na tutazame sasa ni elimu gani iuzwayo pamoja na lile garimoshi la seremala. Ya kwanza ni kipimo. Reli yetu ya zamani ina nafasi ya mita 1 kati ya chuma na chuma. Mwanafunzi akichagua kupunguza kila kitu mara 20, nafasi hiyo huwa milimita 50. Akichagua mara 50, huwa milimita 20. Uchaguzi ni wake, lakini akiisha kuchagua hana ruhusa ya kugeuka: gurudumu, dirisha, paa na ngazi ya dereva vyote sharti vitii hesabu ile ile. Akipunguza behewa bila kupunguza magurudumu, atapata kitu kama kuku mwenye miguu ya mbuni. Nimefundisha uwiano ubaoni kwa miaka kadhaa, na sijaona chaki ikifanya kazi hiyo upesi kama ubao mmoja uliokatwa vibaya.

Elimu ya pili ni ya mti wenyewe. Kijana asiyejua hukata kipande cha tawi kama anayekata muhogo, akakiita gurudumu. Baada ya majuma machache kipande hupasuka toka ukingoni hata katikati, maana mti unapokauka hunywea zaidi kwa kufuata duara zake kuliko kwa kuelekea kiini chake. Seremala hukijua kisa hiki, kwa hiyo huchonga gurudumu katika ubao mkavu, au hugandisha mbao mbili nyembamba, nyuzi za moja zikikingama na nyuzi za nyingine. Maarifa haya hayamo katika garimoshi lililonunuliwa. Yamebaki kwa seremala, pamoja na fedha za mzazi.

Ya tatu ni ile nionayo kuwa bora kuliko zote, nayo imejificha katika gurudumu la kweli. Magurudumu mawili ya garimoshi yamekazwa katika ekseli moja. Hayawezi kuzunguka kwa kasi mbili. Lakini katika kona reli ya nje ni ndefu kuliko ya ndani. Garimoshi lapindaje basi? Jibu ni kwamba gurudumu lake limechongwa kwa mteremko mdogo: upande wa ndani, karibu na ukingo, ni nene, na upande wa nje ni jembamba. Likiingia kona, ekseli husogea kidogo kwa nje. Gurudumu la nje hukanyaga reli kwa sehemu yake nene, la ndani kwa sehemu yake nyembamba, na kila mzunguko la nje likaenda mbali zaidi. Mwanafunzi asiye na kerezo aweza kukaza gurudumu lake katika keekee ya mkono iliyobanwa kwenye jiriwa, mwenzake azungushe, yeye ashike tupa. Akichonga gurudumu bila mteremko, mfano wake utakwaruza kona na kusita. Hapo atauliza kwa nini, na swali hilo ndilo elimu.

Atakaye kazi kubwa zaidi na ajaribu injini ya Garratt. Mwingereza Herbert William Garratt aliomba hataza ya umbo hilo mwaka 1907. Tangi la kuchemshia maji limebebwa katikati, na kila mwisho wake lipo gari lenye magurudumu, lililofungwa kwa egemeo linaloweza kugeuka. Hivyo injini ndefu na yenye nguvu iliweza kupinda katika kona za milima yetu. Zile za daraja la 59, zilizojengwa Manchester mwaka 1955 na 1956, zilikuwa na urefu wa takribani mita 32, na ziko zilizohifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Kwa kupunguza mara 50, huo ni urefu wa sentimita 64 hivi, nao waenea juu ya meza ya nyumbani. Tundu la egemeo likikosewa kidogo tu, injini ya mbao itaruka reli kwenye kona ya kwanza. Mti haupokei udhuru wala haukubali kusihiwa.

Najua yatakayosemwa. Watasema kwanza kwamba huu ni mchezo, na kijana wa sekondari amepita umri wa michezo. Lakini hao hao husikitika kwamba injini za mvuke zilitoka Manchester, na kwamba reli mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ilijengwa na kampuni ya Uchina. Sisemi kwamba mtoto akichonga behewa leo, kesho nchi itaunda injini. Nasema kwamba taifa lionalo aibu kushika randa halina haki ya kushangaa likiuziwa kila kitu. Tunavyo vyuo vya ufundi Kitale, tunavyo na Sang'alo, Bungoma. Ilhali wazazi wengi huvitaja kama kimbilio la walioshindwa. Dharau hiyo haikuzaliwa chuoni. Ilizaliwa siku mtoto alipoambiwa, "Wewe soma kitabu, treni atakutengenezea fundi."

Watasema tena kwamba maskini hana vifaa. Hoja hii ina uzito, nami siipuuzi. Lakini yule maskini ndiye aumizwaye zaidi na desturi ya kununua. Mwenye fedha huleta garimoshi la vanishi; asiye nazo huleta la kwake, limepinda na lina alama za gundi, akapewa alama chache kuliko mwenzake, mbele ya darasa zima. Hapo tumemfundisha kwamba jasho hushindwa na mfuko. Vipande vya saiprasi na podo hutupwa au huchomwa katika karakana nyingi. Seremala akiombwa kwa adabu hutoa. Shule ikinunua misumeno minne, tupa mbili, keekee na jiriwa, wanafunzi wakapokezana, shida itapungua sana.

Na wako wasemao kwamba mtoto wa mjini aweza kununua treni ya plastiki, nayo inapendeza na inajiendesha kwa betri. Na anunue, acheze. Siigombi plastiki. Nagombana na uongo wa kuandika jina lako juu ya kazi ya mwingine.

Basi nawataka walimu wenzangu mambo matatu. Kwanza, tusitoe alama kwa kitu kilichokamilika peke yake. Tutake mchoro wenye vipimo, tutake na vipande vilivyoharibika njiani. Pili, tumwambie mwanafunzi aondoe ekseli moja mbele yetu na kuirudisha, aliyejenga hafadhaiki. Tatu, tusiogope kulisifu garimoshi baya la mkono mwaminifu kuliko zuri la mkono wa kukodi. Wazazi nao nawaomba wafanye jambo gumu kuliko kulipa: wakae na mtoto jioni, wamshikie ubao akikata, wala wasimnyang'anye msumeno akienda upande.

Nawe mwanafunzi usomaye kurasa hizi, huenda mwalimu wako hatakuuliza ni nani aliyelichonga garimoshi lako. Huenda utapata alama zote na kusifiwa. Lakini mdogo wako akija nyumbani akakuuliza kwa nini gurudumu lina mteremko, utamjibu nini? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nenda kwa seremala, lakini usimwendee na fedha za kununua kazi yake. Mwombe kipande cha mbao, na umwombe akuonyeshe jinsi ya kushika randa.